Mashindano ya Masanduku

Shemeji yangu ni fundi wa masanduku ya safari, na ni mbishi wa kutupwa. Miaka ishirini na mitatu anabadilisha magurudumu na mipini katika kibanda chake, na kila mteja lazima aulizwe swali lile lile: "Huko uendako, njia ikoje?" Ukimjibu vigae na lami, atakuruhusu magurudumu manne, shingo upande. Ukitaja kokoto au mchanga, utaondoka na mawili, utake usitake. Yeye mwenyewe hajasafiri hata siku moja.

Hilo ndilo lililomuuma dada yangu. Binti yao anaishi mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Dada alitaka waende wote wawili. Shemeji akatia pamba masikioni: kazi za watu zimejaa, kibanda amwachie nani? Siku ya kwanza dada alilia. Siku ya pili akaja kwangu anacheka, nikajua amepata dawa ya mumewe.

Alinunua sanduku la magurudumu manne, la buluu, akaliweka mbele ya fundi.

"Hili litakushinda mpaka stendi," akasema.

"Mke wangu, hilo litakufa kwenye kokoto."

"Tushindane kesho asubuhi, wewe na lako la magurudumu mawili. Mizigo nitapakia mimi, iwe sawa."

Shemeji akayapima yote mawili kwa mizani yake, kilo kumi na tano kila moja, wala hakuuliza ndani mna nini. Mtu yule akiona gurudumu haoni kitu kingine.

Mwamuzi nilikuwa mimi. Kwenye kokoto shemeji alitoka mbio, magurudumu yake mawili yakimfuata bila kinyongo, huku dada akilinyanyua lake kama mtoto aliyegoma kutembea. Mchangani shemeji akasimama kabisa kumsubiri, anapiga mluzi. Lakini stendi ina ukumbi mrefu wa vigae. Dada akalisukuma la buluu kwa kidole kimoja, likateleza ubavuni mwake mpaka akamfikia mumewe aliyeinama anaburuta. Wakaufikia mlango wa basi pamoja, wanahema na kucheka, abiria wote wanatukodolea macho. Nilifurahi hadi mbavu zikaniuma.

"Sare," nikatangaza.

"Fungua sanduku lako," dada akamwambia.

Ndani mlikuwa na mashati yake yaliyopigwa pasi, viatu vyake vya kutokea, na juu kabisa tiketi yenye jina lake. Nikanyoosha mkono.

"Funguo za kibanda, shemeji. Wateja nitawaambia umekwenda kumwona mjukuu."

Aligeuka, akatazama njia tuliyotoka. Nikaogopa atageuza njia arudi nyumbani, na dada naye nilimwona ameshika mpini kwa mikono miwili. Kisha shemeji akatia mkono mfukoni, akanipa funguo.

"Na huko kwa mwanetu," akamuuliza mkewe, "njia ikoje?"

"Changarawe mpaka mlangoni."

"Haya. Hilo lako nitalibeba kichwani," akasema, akawa wa kwanza kupanda.