Kipande cha Waya Kilicholeta Ukungu Jichoni Mwangu

Wapendwa wa mtaa wetu, wakubwa zangu shikamooni, na wadogo nawasalimu. Sijazoea kusema mbele ya watu, ndiyo maana nimeandika. Karatasi hii naisoma kwa macho yangu mawili, na shukrani yangu inaanzia hapo.

Wengi hapa Lukozi mnaniita dada fundi redio. Fundi hasa alikuwa baba. Nilipokuwa mdogo nilikaa chini ya meza yake nikisikiliza redio zilizofunguliwa mgongo, zikizungumza kwa sauti za watu wa mbali. Kila alipotaka kukata waya alinong'ona maneno fulani. Nilidhani anasali.

Mama alitangulia, baba akamfuata. Mimi ni wa kwanza, na baada yangu yupo Neema tu. Nilikuwa kidato cha pili. Nikakunja sare yangu, nikaisukuma chini ya kitanda, nikakaa kwenye meza ya baba. Nilijiambia kwamba mmoja wetu lazima amalize shule, na huyo ni Neema.

Katika redio kuna vipuri vyenye miguu ya waya mwembamba kama njiti ya ufagio. Ukishavilehemu, miguu inayobaki unaikata. Baba aliniachia plaizi ndogo ya kazi hiyo. Makali yake yalikutana sawasawa, ukikata husikii hata mlio.

Siku moja akaja Hoza, kijana wa bodaboda, mkononi ana waya wa breki.

"Dada fundi, nikatie hapa, abiria ananisubiri."

"Hoza, hii ni ya waya laini. Huo wako ni chuma."

"Aa, plaizi ni plaizi, dada. Au unaitunza uolewe nayo?"

Tukacheka. Nikakata. Ikalia *ka!* na makali yakapata pengo, kama jino la mtoto lililong'oka. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

La pili lilikuja kesho yake. Plaizi haikati tena, inatafuna tu. Nikachukua nailkata ya Neema, ile ya kucha. Ukungu wa misitu ya Shume ulikuwa umetushukia na chumba kilikuwa na giza, kwa hiyo niliiinua redio karibu kabisa na uso. Nikabana. Kipande cha waya kikaruka.

Nilihisi mchomo mmoja tu, mdogo, kama wa mwiba. Machozi ya moto yakatiririka. Nikasugua kwa pembe ya kitenge, nikasugua tena. Jirani mmoja, kwa huruma yake, akasema nitiwe maziwa ya mama anayenyonyesha. Nikatiwa. Nikarudi mezani kumalizia redio.

Siku ya pili jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, na kope zilishikana kwa usaha. Mwanga ulinichoma hadi kisogoni. Siku ya tatu asubuhi nilisimama mlangoni. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, nami nikatulia kuungojea uondoke kama siku zote. Nikasikia Neema akisema, "Dada, tazama, kumeshakucha vizuri, kabichi zote zinaonekana."

Mimi sikuona kabichi. Nikaziba jicho zuri kwa kiganja. Ukungu wote ukabaki mle ndani, mweupe, umetulia.

Hoza ndiye aliyenipeleka hospitali Lushoto mjini. Hakufanya utani hata mara moja njia nzima. Kwenye kona za mlima aliniambia tu, "Nishike vizuri, dada."

Daktari wa macho alikuwa mama mpole. Akanitia dawa ya ganzi, akanimulika.

"Ulisugua?"

"Ndiyo, daktari."

"Na kuna kitu kingine ulitia?"

Nikamwambia. Akashusha pumzi. "Kipande cha waya kimo kwenye kioo cha jicho, na pembeni yake pameshaota kidonda. Kidonda kikitoboa, jicho hilo hatutaliokoa. Tazama sikio langu. Usipepese."

Akakitoa kwa sindano. Akanionyesha kwenye pamba. Wapendwa, kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi.

Nililazwa. Kila saa nilitiwa matone, mchana na usiku, kwa hiyo usingizi wangu ulikuwa vipande vipande. Nililala nimefunika uso kwa kanga. Nyuma ya kope niliona misitu ya Shume ikitembea polepole, miti ikiwa myekundu, kisha kijani. Mahali fulani wodini redio ilikuwa ikiimba chini chini. Katikati ya miti nikamwona baba kwenye meza yake. Ameigeuza redio, mgongo wake unaelekea ukutani. Amebana ncha ya waya kwa vidole viwili. Ananong'ona, na safari hii nikasikia.

"Shika, ndipo ukate."

Kumbe hayakuwa maneno ya sala. Nilikaa chini ya meza ile miaka yote na hakuna kipande hata kimoja kilichowahi kuniangukia.

Kilichoniuma kuliko jicho ni Neema. Alikuja kuniona, akakaa kitandani, akasema, "Dada, jicho lisipopona, naacha shule. Nitakaa mezani mimi."

"Nani kakwambia?"

"Wewe ulimwambia nani ulipoacha?"

Nilimshika mkono, na tangu hapo kila tone lililoingia jichoni nililipokea kwa jina la Neema.

Siku ya saba daktari aliniambia, "Kidonda kimeanza kufunga." Nikalia, naye akanikataza kusugua. Nilitoka nikiwa na kovu dogo jeupe pembeni mwa kioo cha jicho.

Ninyi mnaoshona shanga kwa waya na ninyi mafundi wa simu, nisikilizeni. Unaponunua plaizi ya waya mwembamba, ifumbe, kisha iinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya kati ya makali, iache dukani. Ukiifumba na kuiachia, ifunguke yenyewe. Chuma usikate nayo, hata akikuomba mtu anayekuchekesha. Vaa miwani ya kazi. Shika ncha inayobaki au ifunike kwa kidole, na uielekeze mbali na uso, mbali pia na aliyekaa karibu yako. Kitu kikiingia jichoni, usisugue wala usitie chochote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Namshukuru Mungu, yule mama daktari, jirani yangu ambaye nia yake ilikuwa njema, na Hoza, aliyeniletea plaizi mpya akasema, "Hii hata mimi usinikatie kitu."

Jana asubuhi nilisimama mlangoni tena. Neema alikuwa akiteremka kwenda shule, sweta yake ya kijani ikipita kati ya kabichi. Nikaziba jicho zuri kwa kiganja, nikamfuata kwa lile lililougua. Nilimwona akivuka mfereji, nikamwona akipunga mkono bila kugeuka, mpaka akapotea. Ukungu wa mlima ndio uliomficha.