Gitaa la Baba Limeenda Malakisi

Hili sijamwambia mtu: leo nimepeana gitaa la umeme la marehemu baba.

Anko wa Malakisi alimwomba fundi wa Kitale amtengenezee lingine kwa mkono, mfano wa lile. Fundi akayapaka yote mawili rangi moja.

"Si wewe ndiye ulikaa naye akipiga?" anko akasema. "Chagua la baba yako, lingine libaki kwangu."

Niliona aibu kusema sina uhakika.

Nikayapiga yote mawili. Moja lilikwaruza kidogo. Lingine lilikuwa na sauti tamu, na mimi namkumbuka baba akiwa mtamu.

Nikabeba lile tamu.

Nyumbani nikafungua kifuniko cha nyuma. Ndani kuna jina la fundi wa Kitale, kwa penseli, kama mtengenezaji.

Lakini mama alikuwa ameshagusa nyuzi, analia: "Ni yeye kabisa."

Mkikutana naye kanisani, tafadhali nyamazeni.