Maswali ya Mgongo Wangu

Mgongo wangu ulianza kuuma katika miaka ya sabini, wakati ushirika wetu wa maseremala pale Keko ulipopewa kazi ya kutengeneza madawati. Serikali ilikuwa imetaka kila mtoto aende shule, watoto wakaenda, wakakuta hakuna pa kukaa. Tulikuwa mafundi kumi na wanane chini ya paa moja la mabati. Mie nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na sifa yangu kubwa ilikuwa kubeba ubao wa mninga peke yangu pale ambapo wengine waliubeba wawili wawili.

Maumivu hayakuja kwa kishindo. Sikuanguka, sikuteguka. Yalianza katikati ya mgongo, usawa wa mahali ambapo mkanda wa begi hupita, kama mtu kanibonyeza kwa kidole na hataki kukiondoa. Baada ya mwezi nilikuwa nashindwa kuinama kuokota msumari. Nilikuwa nachuchumaa, naushika, halafu nanyanyuka kwa kushikilia meza ya kazi.

Nilikwenda zahanati. Mganga hakuniangalia, alikuwa akiandika tangu naingia mpaka natoka.

"Unafanya kazi gani?"

"Seremala."

"Basi mgongo lazima uume. Utakunywa hizi, na upunguze kubeba."

Akanipa aspirini kwenye kikaratasi. Nikamuuliza kama anaweza kunigusa aone pale panapouma. Akaita mgonjwa anayefuata. Nilirudi kwake mara tatu katika miezi mitatu, na mara zote tatu nilitoka na kikaratasi kilekile.

Mwenzetu mmoja aliyekuwa akipiga vanishi ndiye aliyeniambia habari za fundi wa migongo wa Mwananyamala. Alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi migodini huko kusini mwa Afrika, na watu walisema alijifunza kunyoosha migongo huko, kwa wachimbaji walioangukiwa na mawe. Nilimkuta uani kwake, kifua wazi, mikono mikubwa. Wagonjwa wake walikuwa wamejipanga kwenye benchi refu. Alikuwa akiwalaza juu ya mlango wa zamani uliowekwa juu ya matofali. Mlango wenyewe ulikuwa wa mvule, kazi nzuri ya mikono, na niliona uchungu kuuona umelazwa chini namna ile.

Alinilaza kifudifudi, akanipaka mafuta ya nazi, akaniambia nivute pumzi kisha niitoe yote. Nilipoitoa, akanishindilia kwa viganja viwili. Mgongo ukalia *kakaka*, mpaka mwanamke mmoja kwenye benchi akaguna.

"Umesikia?" mzee akauliza. "Imerudi."

"Imerudi wapi, mzee?"

"Mahali pake."

"Kwani ilikuwa wapi?"

Akajipangusa mafuta mikononi. "Wewe ni fundi, si ndiyo? Nikija kwako kuagiza kabati, nitakuuliza unaishikaje randa?"

"Ukiniuliza nitakujibu."

Benchi zima likacheka, na nikajua wananicheka mie. Nilikuwa na maswali mengine. Ule mlio ni wa mfupa au wa kitu kingine? Nitanyooshwa mara ngapi mpaka iwe basi? Nikiumia zaidi kesho, nitajuaje kama ni dalili ya kupona au ya kuharibika? Sikuuliza hata moja. Mzee alikwishamwita mwingine.

Sitasema uongo, siku mbili nilijisikia mwepesi. Nilifika kazini mapema, nikapiga randa mpaka jioni, nikamwambia mke wangu nimepona. Siku ya tatu maumivu yakarudi na nduguye. Nikarudi Mwananyamala. Akaninyoosha tena, safari hii kwa goti. Mlio ulikuwa mkubwa zaidi, na benchi likamsifu. Nilipotoka pale mguu wa kushoto ulikuwa kama si wangu. Niligeuka nikamwambia, mzee, mguu unakufa ganzi.

"Damu inafungua njia," akasema. "Wiki ijayo uje tumalize."

Wiki ile nilijikwaa mara nne kwenye sakafu tambarare. Mwenyekiti wa ushirika, mzee wa Lindi mwenye kupenda vikao, akaitisha mkutano kuhusu madawati yaliyochelewa. Hakunitaja, ila kila mtu alijua anamsema nani aliposema kwamba katika ushirika hapawezi kuwa na watu wanaokaa kivulini wakati ndugu zao wanavuja jasho. Mtu mmoja nyuma akasema neno lile, "kupe." Siku zile neno hilo lilikuwa kila mahali, magazetini, kwenye redio, ukutani. Lilikuwa la mabwanyenye wenye majumba ya kupangisha. Sikuwahi kudhani litanipata mie, mwenye vidole vilivyojaa vibanzi.

"Ndugu Mwenyekiti," nikasema, "mie naumwa."

"Una cheti?"

Sikuwa nacho. Nilikuwa na vikaratasi vya aspirini tu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira za kupasuka. Mke wangu alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, ametoka zamu ya asubuhi, miguu imemvimba. Nilimfokea kwa sababu chai ilikuwa haina sukari, na huku najua sukari haikuwepo dukani tangu wiki mbili nyuma. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Wiki hii yote nikitandua mashuka nayakuta yameloa upande wako. Unajua hilo?"

"Joto."

"Mbona mie silowi? Tunalala kitanda kimoja."

Yeye ndiye aliyenipeleka Ukonga. Alikuwako bibi mmoja wa Kimakua, aliyetoka kwetu upande wa Masasi, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiunga mifupa na kukanda. Shangazi wa mke wangu aliwahi kuvunjika mkono, na bibi huyo ndiye aliyemuunga. Tulipanda mabasi mawili, na kutoka kituoni nilitembea nimemwegemea mke wangu, watu wakipisha kwa kudhani nimelewa.

Bibi alikuwa mdogo wa umbo, amekaa kwenye kigoda akichambua mchele. Tukamwamkia shikamoo. Alinitazama nilivyoingia, nilivyovuta mguu, nilivyokaa. Hakuharakisha kunilaza. Akaanza kuuliza yeye.

"Suruali hiyo ni yako, mjukuu wangu?"

"Ni yangu, bibi."

"Mbona umeifunga kwa kamba?"

Nikamwambia nimekonda kidogo. Akauliza kama nakula. Akauliza maumivu yanapungua nikilala au hayapungui. Akauliza jasho, na mke wangu akajibu kabla yangu. Akanivua viatu, akaniambia nifumbe macho, akagusa nyayo zangu kwa punje ya mchele, huku na huku, na mara nyingi sikujua amegusa wapi. Halafu akanikalisha kwa kumpa mgongo, akatelemsha vidole viwili taratibu, pingili moja baada ya nyingine. Alipofika pale pangu akasimama. Hakubonyeza. Aliweka kiganja tu.

"Nani alikuwa akikuvunja hapa?"

Nikamweleza habari za Mwananyamala na ule mlio.

"Vuta vidole vyako vilie," akasema. Nikavuta. "Kuna kidole kilichotoka mahali pake kikarudi?"

"Hapana."

"Basi ndiyo hivyo. Maungo hulia. Kulia kwake si kurudi, na si kupona. Mgongo usiougua, uliochoka kwa kazi tu, ukiunyoosha hupata nafuu, mie mwenyewe nawanyoosha watu. Wako siugusi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Huugusi? Bibi, nimetoka Keko."

"Hata ungetoka Masasi. Hapa pana kinundu, na pana moto. Pingili inaliwa ndani. Nikiikunja itakatika, nawe hutasimama tena. Nenda hospitali kubwa."

Nikakasirika, naona haya kusema, lakini nilikasirika. Nilimwambia huko hospitali ndiko nilikotoka, kwamba hawanigusi, hawaulizi, kwamba nilimjia yeye kwa kuwa nimechoka kupewa vikaratasi. Nilimwuliza kama bibi mzima ameshindwa kazi yake. Mke wangu akanifinya. Bibi aliendelea kuchambua mchele mpaka nikaishiwa maneno.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa nisikilize. Ukifika usiseme mgongo unauma. Kila mtu mgongo unamuuma. Sema mguu unakufa ganzi. Sema unaloa jasho usiku. Sema umekonda, uwaonyeshe kamba. Kisha umwambie daktari aweke mkono hapa. Asipouweka, usitoke."

Alinisemesha maneno yale mara mbili kama mtoto anayefundishwa ujumbe wa dukani.

Nilikwenda hospitali nikayasema vilevile. Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu. Nilipofikia ganzi akaweka kalamu chini. Nilipofikia kamba akasimama. Nikamwambia aweke mkono, akauweka, na nikauona uso wake ukibadilika. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Miezi mitano nilikuwa naomba jambo hilo moja.

Haikuishia hapo. Filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha, tukaambiwa tusubiri. Zilipokuja, mashine ikaharibika. Siku kumi na moja nililala wodini chali, sijui naugua nini, kila nikiuliza naambiwa subiri picha. Picha ilipopatikana, daktari aliiinua dirishani akanionyesha pingili mbili zilizomomonyoka kwa mbele, mfano wa ubao ulioliwa na mchwa. Akasema ni kifua kikuu. Nikamwambia sikohoi. Akasema kifua kikuu hakikai kifuani tu.

Kisha akanigombeza. "Mnakwenda kukunjwakunjwa uani kwa watu, mnakuja hapa mmekwisha kupooza! Kwa nini hamwulizi kwanza?"

Nikamwambia, "Daktari, niliuliza. Zahanati nilipewa aspirini miezi mitatu. Kwa fundi wa migongo niliuliza nikachekwa. Mtu pekee aliyenijibu ni bibi asiyejua kusoma, na ndiye aliyenileta kwako. Sasa niambie, nilikosea kuuliza wapi?"

Daktari alikunja ile picha, akaikunjua. Hakuomba radhi, lakini alivuta kiti akakaa kando ya kitanda, akaniuliza nataka kujua nini. Nikamwuliza yote. Akayajibu moja moja, na pale asipojua alisema hajui. Nilimwuliza kama nitatembea, akasema hajui.

Nilifungwa plasta kuanzia kwapani mpaka kiunoni. Nikachomwa sindano kila siku mpaka hapakuwa na mahali pa kukalia, na vidonge nikavimeza mwaka na nusu. Mke wangu alikuja kila baada ya zamu yake, miguu imevimba vilevile, akinisugua nyayo na kuniuliza, "Hapa unanisikia? Na hapa?" Mwezi wa tatu nikamsikia kwenye kidole gumba cha mguu. Mwezi wa tano nilisimama. Nilikuwa nimepungua urefu, mashati yangu yakawa yananifika mapajani.

Nilipopata nguvu nilikwenda Mwananyamala. Sikwenda kugombana. Nilitaka mzee ajue, asije akamvunja mwingine. Benchi lilikuwa limejaa. Nilimwamkia, nikamweleza mbele ya watu pingili zilivyokuwa. Akanisikiliza vizuri, kisha akawageukia wagonjwa wake, "Mnamwona huyu? Alikuja kwangu hajiwezi. Nilimnyoosha mara mbili tu, sasa anatembea."

"Mzee, ni dawa za hospitali."

"Wao wamemalizia."

Nikawageukia wale wa kwenye benchi. Nikawaambia, mkiwa na ganzi, mkiwa na jasho, msilale pale kabla hamjauliza. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, wewe umeshapona. Tuachie foleni yetu, usije ukamuudhi." Nilitembea mpaka kituo cha basi nikiwa na hasira, na wala sikuwa na wa kumkasirikia vizuri, kwa sababu hata mie, siku ile ya kwanza, nilinyamaza nikampisha mwingine.

Ushirika ulinipokea. Safari hii nilikuwa na cheti, kimepigwa mhuri, mwenyekiti akakisoma mkutanoni kwa sauti. Aliyeniita kupe sikumtafuta. Waliamua nisibebe tena, wakanipa funguo za stoo nitunze misumari na gundi. Wenyewe waliona wamenitendea wema. Nilikaa mle stoo miaka sita, nikisikia randa za wenzangu upande wa pili wa ukuta, na kila mara mtu alipokuja kuchukua misumari huku ameshika kiuno, nilimkalisha kwanza. Nilimwuliza inauma lini, inauma vipi, mguu unausikia. Wengine waliniona nawapotezea muda, wakachukua misumari yao wakaondoka hawajajibu.