Upepo wa Puani

Nikiwa mdogo kule Ukambani, mjomba wangu akishachinja mbuzi alimtoboa mguu, akapuliza kwa mdomo mpaka mbuzi avimbe, ndipo ngozi ichunike vizuri. Mjomba mwenyewe alikuwa mwembamba, lakini pumzi alikuwa nayo.

Sasa, miaka ya tisini, nikikaa Huruma, Nairobi, jirani yangu alinipeleka zahanati moja kule Mowlem. Walitaka watu wasio na ugonjwa wowote wa kufanyia utafiti, na hilo peke yake lilinitia shaka. Daktari, msichana mpole, alinifunga mikanda kifuani na tumboni, akanitia mirija midogo ya mpira puani. Upepo wa uvuguvugu kutoka kwenye mashine ukaingia kwa nguvu.

“Daktari, mimi si mgonjwa. Unanipulizia nini?”

“Tulia, baba. Tunaangalia kama misuli ya kupumua itapunguza kazi.”

“Na ikizoea kukaa bure?”

Jirani akacheka kwenye kitanda cha pili. “Mkamba anaogopa upepo!”

Kweli mbavu zilianza kutulia, kama zimepewa likizo. Hapo ndipo nilipoogopa, maana hata yule mbuzi wa mjomba alikuwa ametulia akipulizwa. Nikafungua mikanda, nikavaa viatu vyangu vya akala, nikatoka. Zahanati ile sikuikanyaga tena.