Goti la Mama Koki limegoma kazini

Saa mbili asubuhi saluni haijapokea mteja hata mmoja, lakini maji yameshaingia, yamezunguka viti vyote na sasa yanatoka kwa mlango wa mbele bila kuaga. Yanaelekea duka la jirani, linalouza karatasi na kalamu. Mwenye duka hilo, mwanamume mnene mwenye miwani ya kamba, amesimama mlangoni kwake na fagio, anayarudisha yalikotoka.

"Dada, maji yako yananijia," anamwambia mwenye saluni aliye ndani.

"Nayaona, kaka. Fundi yuko njiani."

Fundi anatokea kwenye kona akitembea upande upande, kama mtu anayepita katikati ya meza za watu. Begi la turubai begani, ndoo tupu mkononi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nyuma. Ana miaka hamsini na sita. Mwenye duka anamtazama, anatazama nyuma yake, kisha anamtazama tena.

"Fundi mwenyewe anakuja nyuma?"

"Fundi mwenyewe ndiye huyu," anajibu mama huyo bila kupunguza mwendo. "Nyuma kuna goti tu, nalo linachelewa."

Mtaani wanamwita Mama Koki. Jina lake halisi wanalijua mume wake, watoto wake na daktari wa mifupa, na huyo wa mwisho analitaja mara nyingi kuliko anavyopenda yeye.

Kazi hii alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa fundi wa mabomba hospitalini. Mjomba alikuwa na watoto wa kiume wanne, wote wakakimbilia kazi za kuvaa mashati meupe. Msichana wa dada yake ndiye aliyebaki kumshikia spana. Siku moja mjomba akaumwa mgongo, msichana akaenda peke yake, na tangu siku hiyo hajarudi kukaa.

"Bomba lenyewe si gumu," anasema. "Kigumu ni kushuka. Hakuna bomba linaloharibikia kwenye usawa wa macho. Yote yanasubiri yawe chini, kwenye kona, nyuma ya choo, halafu ndiyo yanapasuka."

Miaka yote hiyo ya kushuka imemlia goti la kulia. Miezi michache iliyopita alikwenda hospitali.

"Daktari akaniambia kile kinachokaa katikati ya mifupa kimelika. Nikamwambia, yaani washa, ule mpira wa ndani ya bomba, imeisha? Akasema ndiyo, kama washa. Nikamuuliza, mpya mnauza? Akacheka sana. Mimi sikucheka."

Ushauri aliopewa ni mfupi. Aache kupiga magoti sasa, au aendelee na baada ya muda atembelee mkongojo. Mume wake, fundi cherehani asiye na maneno mengi, amemshonea pedi za magoti kwa sponji la godoro la zamani. Hizi anazovaa leo ni za nne.

"Zile tatu za kwanza liliisha sponji," anasema Mama Koki. "Hizi sponji lipo. Limeisha goti."

Nyumbani kwake kipato ni cha watu wawili, na cherehani siku hizi inalala kuliko inavyoamka. Wiki nzuri, kazi yake ya bomba ndiyo inayobeba nusu kubwa ya chakula. Kwa hiyo swali ambalo amekuwa akizunguka nalo tangu siku ya hospitali haliko mbali na tumbo.

"Fundi bomba asiyepiga magoti ni nani?" anauliza. "Ni mpita njia mwenye spana."

Ndani ya saluni, mwenye saluni amevua viatu na anakamua tambara lake kwa mara isiyojulikana. Ni dada wa miaka thelathini na kitu, kucha ndefu za rangi ya zambarau, uso wa mtu aliyeamshwa na simu ya jirani.

"Shikamoo mama. Niokoe."

"Marahaba, mwanangu. Koki yako iko wapi?"

"Koki gani?"

Mama Koki anavuta pumzi ndefu. Swali hilo huliuliza kila nyumba anayoingia, na jibu hilo hilo hulipata kwa wenye maghorofa na kwa wenye chumba kimoja. Watu wanajua funguo ya gari ilipo, anasema, wanajua rimoti ya runinga ilipo, wanajua hata jirani anapoficha ya kwake. Mahali pa kufungia maji ya nyumba yao wanapajua siku yamefika kwenye kitanda.

"Funga huko nje kwenye mita basi," anapendekeza mwenye duka la karatasi kutoka mlangoni.

"Ile ni ya jengo zima. Juu kuna daktari wa meno, na sasa hivi kuna mtu yuko kwenye kiti mdomo wazi. Unataka asukutue kwa mate?"

Anasimama katikati ya chumba, anafuata bomba kwa macho kutoka linapoingia ukutani hadi kwenye sinki la kuoshea nywele. Chini ya sinki kuna kabati jipya, zuri, jeupe.

"Hili kabati lilikuja lini?"

"Mwaka jana, nilipoweka vigae. Fundi akaniuliza, hiki kichuma tukiache? Nikamwambia kinaharibu sura."

"Sasa sura imependeza," anasema Mama Koki.

Kabati linafunguliwa. Limejaa madumu ya shampuu hadi juu, yamepangwa moja kwa moja juu ya bomba la plastiki kama vile bomba ni rafu. Uzito umelibonyeza mpaka elbo, kile kiungo chenye kona, kikapasuka. Nyuma kabisa, ndani ya tundu la ukutani, kichwa cha koki kinaonekana kwa mbali. Kukifikia ni lazima mtu alale kwa tumbo au apige magoti na kuingiza mkono mzima.

Mama Koki anaweka begi chini. Anashika kiti. Anaanza kushuka.

Anafika nusu, na hapo goti linakataa. Linakataa kabisa, kama punda katikati ya barabara. Anabaki hapo, si amesimama si amekaa, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine hewani, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Maji tu ndiyo yanaendelea na kazi.

"Mama," anasema mwenye saluni polepole.

"Nimeona."

Kiti alichoshika ni kile cha wateja, chenye mgongo wa kulalia wakati wa kuoshwa nywele. Anakikalia. Anakaa kama mtu aliyekalishwa kituo cha polisi.

Baadaye atasema kwamba hapo aliwaza mambo mawili. La kwanza, ni fundi gani wa kumpigia simu aje badala yake. La pili, kwamba akishampigia huyo leo, kesho mwenye saluni atampigia huyo huyo moja kwa moja.

"Mwanangu," anasema, "kucha hizo ni zako au za kubandika?"

"Za kubandika."

"Basi hazikuumi. Lala chini."

Mwenye saluni anamtazama kuona kama ni utani. Si utani. Anatoa madumu, anatandika taulo mbili na kulala kwa tumbo ndani ya maji yake mwenyewe.

"Nimeishika. Haizunguki."

"Haijazungushwa tangu iwekwe, itazungukaje? Usiilazimishe, utaivunja kichwa. Isogeze kidogo, irudishe kidogo. Kama unambembeleza mtu mwenye hasira."

"Imesogea."

"Irudishe."

"Mama, si ndiyo imesogea?"

"Irudishe, nimekwambia. Halafu isogeze tena."

Baada ya mabishano na mguno mmoja ambao wateja wa saluni ile hawajawahi kuusikia, maji yanapungua, yanadondoka, yanakoma. Mwenye duka la karatasi anaegemeza fagio lake ukutani. Koki inayozungushwa kila baada ya miezi miwili mitatu haigomi, anasema Mama Koki, na inamchukua mtu muda mfupi kuliko kupaka rangi ya mdomo.

Kinachofuata ni kukata. Msumeno unatoka begini, unashuka chini kwa yule aliyelala, pamoja na elbo mpya, kipande cha bomba na kopo la gundi. Mama Koki anaelekeza kutoka kwenye kiti, shingo imenyooshwa, asione chochote ila nyayo mbili. Kata kwa unyoofu. Sugua ncha kwa msasa. Kausha. Paka gundi nje ya bomba na ndani ya elbo, sukuma, zungusha kidogo, shikilia bila kutikisa.

"Umekausha?"

"Nimekausha."

Wanasubiri gundi ishike. Muda huo Mama Koki anautumia kukagua saluni kwa macho, maana macho hayana goti. Sinki la kuoshea linahitaji kichujio cha wavu, nywele zikamatwe juu zitupwe kwenye pipa. Ile dawa ya unga ya kuzibulia na birika la maji ya moto aache, vitu hivyo vinalegeza mabomba ya plastiki. Bomba linalodondoka lisikazwe kwa nguvu za hasira, libadilishwe washa.

"Na mimi choo changu kinalia," anaingilia mwenye duka. "Kinalia siku nzima, kama kuna mtu anamimina."

"Tia rangi ya keki kidogo kwenye tangi la choo, usivute. Ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa ndani haufungi. Maji yanakutoroka na mita inayahesabu."

"Rangi ya keki nitoe wapi mimi?"

"Kalamu unauza za nini? Wino si rangi?"

Gundi imeshika. Mwenye saluni anafungua koki. Unasikika mlio kama wa mtu anayefyonza, na elbo inaruka. Dada wa watu anatoka kabatini uso wote unachuruzika, nywele alizozitengeneza juzi zimelala kama jani la mgomba baada ya mvua.

"Ulisema nikaushe, nikakausha," anasema baada ya kufunga tena. Hapigi kelele. Amechoka mno kwa hilo.

Mama Koki anauliza kama maji yalikuwa yanaendelea kuchuruzika ndani ya bomba wakati wa kupaka gundi. Ndiyo, kidogo kidogo, anaambiwa, yalikuwa yanashuka kutoka juu.

"Kosa ni langu," anasema.

Maji yaliyobaki kwenye bomba la juu hutolewa kwanza, kwa kufungua bomba la sinki yaishe yote. Hilo amelifanya kila siku ya maisha yake ya kazi. Amelifanya bila kulisema, bila kuliwaza, mkono wa kushoto ukienda wenyewe juu wakati wa kulia unatafuta msumeno. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa hiyo mdomo wake haukuwahi kujua kwamba mkono wa kushoto una kazi.

Safari ya pili anafanya tofauti. Anafumba macho pale pale kwenye kiti, ananyanyua mikono hewani na kuanza kutengeneza bomba ambalo halipo. Mkono wa kushoto unapanda juu. "Fungua la sinki," anasema. Vidole vinapapasa hewa. "Subiri, sikiliza, acha liishe kukohoa." Vidole vinaingia ndani ya kitu kisichoonekana. "Futa na ndani, tambara lizungushe kwenye kidole." Kila mkono unapokwenda, anautaja. Kwa mtu anayepita nje angeonekana mama aliyepandwa na homa kwenye kiti cha saluni. Chini, yule dada anafuata neno kwa neno.

Safari hii wanasubiri zaidi. Koki inafunguliwa. Bomba linatetemeka kidogo, linatulia. Mwenye saluni anapitisha kidole chini ya elbo na kukionyesha nje ya kabati. Kikavu, bila ukucha.

"Nikulipe kwa kazi gani sasa, na nimelala mimi?" anauliza, akicheka kwa mara ya kwanza leo.

Mama Koki anataja bei yake ya siku zote. Aliyelala chini habishi.

Hafurahii sana, ukimtazama. Anaonekana mtu aliyeshuka kwenye gari baada ya safari ndefu na kugundua kwamba bado hajafika. Lakini wakati mwenye saluni anabadilisha nguo, anaanza kusema kitu ambacho, kwa maelezo yake, hajamwambia hata mume wake. Jumatatu saluni hii haifunguliwi, anaweza kufundishia watu hapa. Viti vipo, sinki lipo, koki sasa inajulikana ilipo. Akija mwenye mgahawa ajue kwa nini mafuta ya kukaangia yanawekwa kwenye kopo na si kwenye sinki. Akija mwenye nyumba ajue kuisoma mita yake usiku, mabomba yote yakiwa yamefungwa, aone kama bado inazunguka. Walipe kidogo kila mmoja. Kazi kubwa atazitafutia vijana wenye magoti, yeye asimamie.

"Ukitufundisha wote," anasema mwenye duka la karatasi, "wewe utakula nini?"

"Mpaka leo nimekula magoti yangu. Yameisha."

Hana hakika kama watakuja. Hana hakika kama atakumbuka kusema kila kitu. Leo kimemponyoka kimoja na mtu ameogeshwa. Anapanga, kabla ya siku hiyo, akae nyumbani macho yamefumbwa afanye kazi zote hewani, moja baada ya nyingine, mume wake amsikilize na kumwambia pale mkono unapotangulia mdomo.

"Saluni nitakufungulia," anasema mwenye saluni kutoka nyuma ya pazia. "Lakini mimi silali tena."

"Atalala huyu," anasema Mama Koki, akimwonyesha mwenye duka kwa kidevu.

Mwanamume huyo anajitazama tumbo, anatazama kabati.

"Na nikikosea?"

"Utalowa. Njoo na nguo ya pili."

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa nne," anasema, na mgongo wake, taratibu, unaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mtanikuta nimekaa."