Nilivyoukata Mti wa Memsaab

Kila nikija kukaa kwa binti yangu, mtaa wa Membley, kuna sauti moja inayonichoma roho: mkasi wa yule mtu anayepunguza ua asubuhi. Kwach, kwach, kwach. Binti yangu hunicheka. "Mama, si ni majani tu yanakatwa!" Mimi huingia jikoni nikafungua redio kwa nguvu.

Wewe nitakuambia, maana kwa umri huu siri hainisaidii kitu tena.

Miaka ile ya hamsini, Hali ya Hatari ya wakoloni ikiwa imetukaba koo, tuliishi kwenye laini, safu za vibanda vya wafanyakazi, katika shamba moja la kahawa hapa Ruiru. Mama alichuma kahawa. Baba alitunza bustani ya memsaab, yule mama mzungu mwenye shamba, na kazi hiyo ndiyo iliyotuweka pale. Mkikuyu kama sisi akifutwa kazi, alipakiwa kwenye lori na watoto wake, akapelekwa rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu, katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miiba. Kila jioni Mama alimwomba Mungu tusiione siku hiyo.

Memsaab alikuwa ameletewa mti kwa meli kutoka kwao Uingereza, mizizi imefungwa kwa gunia. Aliuita elm. Shina lilisimama wima hadi kifuani mwa Baba, na pale juu lilikuwa limeunganishwa, kwa kupandikizwa, na mti mwingine, ambao matawi yake yote yaligeuka yakaning'inia mpaka karibu na nyasi. Memsaab alikunywa chai akiutazama, kwa sababu nyumbani kwa mama yake kulikuwa na mwingine kama huo. Sisi wa laini tulicheka. Ati mti umetoka mbali hivyo, na umefika umechoka hivi! Lakini Baba aliupenda. Majani yake yalikwaruza kama ulimi wa ng'ombe, naye aliyapangusa vumbi moja moja.

Halafu memsaab akasafiri wiki mbili, na malaria ikamwangusha Baba. Nilikuwa na miaka kumi. Aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Maitu," akasema, meno yakigongana, "mti wa memsaab, debe moja la maji asubuhi, debe moja jioni. Na visivyofaa, uvitoe."

Nilijua visivyofaa, mimi! Mtoto wa kahawa anajua: mkahawa ukizeeka, unakata matawi yanayoburuzika chini, unaacha chipukizi lililo wima, nalo ndilo litakalozaa. Baba mwenyewe alinifundisha, tena nikate kwa mshazari ili maji ya mvua yasikae kwenye kidonda. Siku ya nne nikaona chini ya shina vichipukizi viwili vimetoka, vimenyooka, vina afya. Nikautazama ule mzigo ulioning'inia juu, nikauhurumia mti. Nikachukua mkasi wa Baba, nikakata yote yaliyolala. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Mti haukufa. Ulistawi vizuri sana. Lakini kuning'inia kulikuwa kwa ile sehemu ya juu peke yake, na nilikuwa nimeimaliza. Visivyofaa alivyosema Baba vilikuwa vile vichipukizi viwili vya chini. Kutoka chini ungemea mti wa kawaida tu, wima, hata ukae miaka mia.

Memsaab aliporudi tulisikia kilio chake mpaka kwenye laini. Siku hizo kukata mali ya mzungu hakukuitwa makosa, kuliitwa uasi, na askari hawakuuliza umri. Baba aliinuka kitandani, akajifunga blanketi, akaenda kwake akishikilia kuta. Mimi niliingia chini ya kitanda. Aliporudi, mdomo wake ulikuwa umevimba.

"Ni mimi," alimwambia Mama. "Homa ilinipanda kichwani, nikaenda nikaukata. Hata sikumbuki vizuri."

Nami nikaamini. Niliamini kabisa kwamba homa imemdanganya, akadhani ni yeye. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Jumamosi lori lilikuja. Huko rizavu Baba alichimba handaki hadi kifua kikaharibika, na mwaka wa tatu tulimzika. Kila mara nilipomsikia akikohoa nilijiambia, afadhali hajui.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeolewa Thika, Mama alikuja kunisaidia nilipougua malaria. Alikuwa amenishikia kikombe cha uji mdomoni aliposema, polepole tu, "Baba yako pia nilimshikia hivi hivi, wiki nzima. Mkono haukuinuka. Huo mkasi angeushika na nini?"

Alinipangusa mdomo, akaendelea kunilisha.

Miaka mitatu nililala kibanda kimoja na Baba, nikisikia anageuka, nikisikia anapumua. Alijua ni mimi tangu siku ya kwanza. Ningeweza kumwambia usiku wowote, "Baba, nisamehe," na sikumwambia.