Suruali Isiyochanika

Leo nimeikimbia suruali pale mnadani Igawa. Cheka kwanza, halafu soma.

Nilitaka ya kuingilia porini, maana mizinga yangu ya nyuki imezungukwa na miiba. Mimi huwa naenda mitumbani na mwiba wa mgunga mfukoni. Nachoma kitambaa pale pajani. Mwiba ukipenya, suruali naiacha.

Dada muuzaji akanijia juu: "Babu, utanitobolea mzigo wote!"

Jinzi mbili zikatoboka. Ya tatu ilikuwa ya turubai. Mwiba ukavunjika.

"Chukua hiyo, babu. Hiyo haichaniki!"

Nikaigeuza huku na huku, nikitafuta tundu.

Miaka ya sabini, tulipohamia Usangu na ng'ombe wetu, nyumbani tulikuwa na suruali moja tu ya miibani. Baba aliishona kwa turubai kuukuu la lori. Mimi na mdogo wangu Masanja tuliivaa kwa zamu, na mwenye zamu ndiye aliyefuata ng'ombe vichakani.

Siku moja nikadanganya kwamba mguu unauma. Masanja hakubisha. Akaivaa, japo ilimpwaya.

Jioni ng'ombe wakarudi peke yao.

Tulimtafuta siku tatu. Tulichopata ni suruali, imening'inia kwenye mgunga, haina hata tundu moja. Masanja hatujamwona mpaka leo.

Nikamrudishia yule dada suruali yake. Akashangaa: "Sasa babu, ina kasoro gani?"

Ninyi mngemjibu nini, jamani?

Zamu ilikuwa yangu.